Swichi Ambayo Haikuwahi Kuguswa

Wanafunzi wake walimpachika jina la Mwalimu Kwanini, na jina likamganda hadi akastaafu nalo. Mtu yule, jamani, hawezi kuona kitu kinazunguka asiulize kinazungushwa na nini! Basi fikiria adha iliyompata mapafu yalipomwangusha. Mchana na usiku ana mpira puani, mpira umeungwa kwenye mashine ya oksijeni inayohema kando ya kitanda, na urefu wake unaishia dirishani. Nje ya dirisha, chini ya kibanda cha mabati, lilikaa jenereta. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hilo ndilo la kumpa pumzi. Kwa bahati ulikuwa unakatika kidogo tu na kurudi, na mkewe alikuwa anakimbilia mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba.

Siku ya matengenezo ya mwaka Mwalimu alijipachika dirishani mapema, chai ikampoa mkononi.

"Fundi, hicho cheusi kinachotona kwenye bomba la moshi ni nini?"

Fundi, mtu wa tumbo na vicheko, hata mfuko wa spana alikuwa hajautua. "Mwalimu, si tusalimiane kwanza! Shikamoo."

"Marahaba. Ni nini?"

Fundi akakigusa, akanusa kidole. "Dizeli ambayo haikuungua vizuri, imechanganyika na masizi. Jenereta likiwa linanguruma tu bila kazi, halipati joto la kutosha. Huwa mnaliwasha?"

"Kila Jumamosi!" alidakia mke wa Mwalimu kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Naliwasha mwenyewe, nalifuta vumbi, nalizima. Hata wanangu sikuwadekeza hivyo."

"Hongera, Mama. Na kazi huwa unalipatia?"

"Kazi gani tena?"

"Kugeuza hii swichi, libebe nyumba badala ya umeme."

Mama akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni, lakini hakwenda. Fundi akashika mkono wa swichi ukutani, kando ya dirisha. Haukusogea. Akaushika kwa mikono miwili, ukalia kwa uchungu na kumwaga vumbi. Mwalimu alichungulia shingo ikamrefuka, macho yakimng'aa kama mtoto aliyeona redio imefunguliwa. Wala hakukasirika. Alitaka kujua tu.

"Kumbe haijawahi kuguswa! Kwa nini?"



"Kabla sijalifungua," Fundi alisema, "nataka nilione likibeba mzigo wenyewe, na mashine ya Mwalimu ikiwemo."

"Thubutu!" Mama alifoka. "Jaribu na pasi. Jaribu na friji. Mume wangu si wa kufanyiwa majaribio."

"Mimi nataka kujua," alisema Mwalimu.

"Wewe kila kitu unataka kujua! Mengine mtu anaishi vizuri tu bila kuyajua."

Hapo Mwalimu akageuka kutoka dirishani. Maisha yao yote mkewe alikuwa amemcheka kwa maswali yake, amemtania mbele za watu, lakini hakuwahi kumwomba ayaache. "Lipi hilo, mama watoto?" aliuliza taratibu.

"Kwamba halifai! Likinguruma najiambia lipo. Sasa nigeuze swichi, lishindwe, halafu nikulaze vipi usiku nami nimeshajua?"

Fundi akajitia kutafuta spana ambayo tayari alikuwa ameishika.

"Lete mtungi," Mwalimu alisema. "Ufungue wewe mwenyewe, uwe karibu yangu. Tukijua leo, Fundi yupo."

Mtungi ukaja, mpira ukahamishiwa hapo. Fundi akawasha jenereta, likaitika vizuri, kisha akageuza swichi. Taa ikawaka, mashine ya oksijeni ikaanza kuhema, na Mwalimu akatabasamu. Halafu taa ikafifia. Jenereta likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika kabisa. Mashine ikapiga king'ora cha hatari, na mle chumbani Mama akaushika mtungi kwa mikono yote miwili.

"Si nilisema?" alinong'ona. "Si nilisema mimi?"

Mwalimu naye aliogopa, tena sana. Hakuficha. Aliushika mkono wa mkewe uliokuwa juu ya mtungi, akaubana.

Fundi akarudisha umeme, mpira ukarudishwa kwenye mashine, kisha akalivua jenereta nguo zote. Chujio la dizeli lilitoka na utelezi kama bamia, mafuta ya tangini yamechacha kwa kukaa. Akamwaga, akasafisha, akabadilisha oili na machujio, akakaza mkanda, akakwangua masizi. Mwalimu aliuliza kuhusu kila kilichotoka, na Fundi alikuwa anakileta dirishani akishike mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshapita juu ya kibanda Fundi aliponyoosha mgongo. "Haya. Nani anageuza?"

 Mwalimu alimtazama mkewe. Mama akatoka nje, akaushika mkono wa swichi, akafumba macho, akageuza.

Taa ikawaka. Mashine ikahema. Jenereta lilishusha sauti kidogo kwa uzito, likajikaza, likaendelea. Fundi akaongeza friji, akaongeza pasi. Likaendelea. Chumba kizima kilitetemeka kwa ule mngurumo, vikombe vikigongana mezani.

Mama aliingia, akaketi pembeni ya kitanda. Mwalimu alikuwa na swali tayari, kuhusu ule moshi, mbona sasa umekuwa mwepesi. Alipogeuka amwite aje aone, mkewe alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma. Mwanamke ambaye tangu mashine iingie humo ndani alikuwa anazinduka mume akijigeuza tu.

Fundi akatokea dirishani akifuta mikono. "Tayari, Mwalimu. Nilizime?"

Mwalimu akaweka kidole mdomoni.

"Liache," alinong'ona. "Kukiwa kimya ataamka."