Besi ya Nambike Imelala

Usiku wa kuamkia leo niliota ile Alhamisi ambayo mke wangu Nambike alitoka na hakurudi.

Ilianza sawasawa na ilivyokuwa. Nambike amekaa kwenye meza ya jikoni, gitaa lake la besi liko mbele yake bila nyuzi, limefunguliwa kama kuku. Ni besi ya bei rahisi. Aliinunua Moshi kwa bendi iliyovunjika, na tangu hapo hakuacha kuirekebisha. Alibadilisha sumaku za kunasa sauti. Tumboni mwake alibandika karatasi ya foili ili isivume kama friji. Kitufe cha sauti kilipopotea alichomeka kifuniko cha dawa ya meno, kikakaa vizuri kuliko chenyewe.

Siku hiyo alikuwa ananyoosha shingo. Ndani ya shingo ya gitaa mna chuma kirefu, nacho hukazwa kwa kifunguo kidogo kilichopinda. Aligeuza robo ya mzunguko, akaacha.

"Haizidi robo," alisema. "Mbao inatakiwa ilale usiku mmoja, ndipo ujue imekubali au imekataa. Kesho namalizia."

Akajifunga kanga, akasema anakwenda kwa fundi redio kununua risasi ya kuchomelea nyaya. Nikamwambia arudi na nyanya.

Mpaka hapo ni kweli tupu. Alianguka mbele ya duka la fundi, na nilipofika walikuwa wameshamfunika. Kanga yake walinirudishia. Pindo lilikuwa na fundo, nikajua ni hela ya nyanya, sikulifungua. Tangu hapo nalala nayo. Kifunguo hakikuonekana tena, na besi imebaki kama alivyoiacha. Mwalimu Mshana wa kwaya ameiomba. Binti yetu Naetwe, ambaye alifundishwa besi na mama yake, ameiomba pia. Nimewakatalia wote wawili. Ile robo ndiyo kitu cha mwisho mkono wa Nambike ulichogeuza. Mtu mwingine akigeuza juu yake, haipo tena.

Katika ndoto, Nambike alipofika mlangoni, shingo ya gitaa ilijiinua mezani.

"Na mimi nilale wapi?" ikauliza.

"Muulize Baba Naetwe," alisema Nambike, akatoka.

Nikaionyesha chumbani. Haikuuliza upande. Ilipanda kitandani, ikalala upande wa Nambike, ikajifunika ile kanga aliyotoka nayo. Sikuona ajabu yoyote. Niliwaza tu kwamba ina miguu ya baridi.

Nilipotoka, kifuniko cha dawa ya meno kilikuwa kimekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Amelala?"

"Amelala."

"Basi sauti chini," kilisema, kikajigeuza upande wa kushoto. Sauti yangu ikawa ndogo kama ya mbu. Nilijaribu kukohoa, hakikutoka kitu.

Sebuleni viti vimetolewa nje, mkeka umetandikwa kama wakati wa msiba. Nyuzi nne za besi zimekaa juu yake, kila mmoja amekunja miguu. Yule mnene amejitanda kanga nyeusi. Yule mwembamba anatazama saa ya ukutani.

"Shemeji, pole," alisema mnene, polepole, na sahani kabatini zikatetemeka.

"Pole ya nini tena?" alisema mwembamba. "Tumempa pole mpaka zimekwisha. Muulizeni kazi."

"Nyamaza wewe. Ndiyo maana unakatika kila Pasaka."

"Nakatika kwa sababu nafanya kazi. Wewe umeanza kuota kutu ukiwa umekaa."

Mnene alijitazama mkono, akauficha.

"Mnasubiri nini?" niliuliza kwa sauti yangu ya mbu.

"Tunasubiri mwenzetu aamke atufunge," alisema mnene. "Hatuwezi kuondoka msibani mpaka mwenye nyumba aseme. Na mwenye nyumba amelala."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Walitazamana wote wanne.

"Ndivyo tulivyosema, shemeji," alijibu mnene.

Foili ikatoka jikoni na sinia la chai. Imekunjamana, lakini imevaa vizuri. "Karibu chai, Baba Naetwe," ilisema. "Mimi nilifunika kuku wa Kipaimara cha Naetwe kabla mama yake hajanipeleka kwenye gitaa. Nimeona vyakula vingi vikihifadhiwa. Unahifadhi, unahifadhi, siku unafunua, huwezi hata kumpa mbwa."

Nilikunywa chai. Ilikuwa na ladha ya risasi.

Niliporudisha kikombe, sebule haipo. Niko kanisani, kwenye benchi letu la kawaida, na kwaya imesimama mbele inaimba bila kutoa sauti, kwa sababu ya yule aliyelala. Midomo inafunguka na kufungika. Mwalimu Mshana ananyoosha mikono kama mtu anayepima kitambaa.

Kisha naona viatu vyao. Haviko sakafuni.

"Mwalimu," nasema, "kwaya yako inapanda."

"Ndiyo, Mzee Mrutu," anasema bila kugeuka. "Tunaimba bila besi. Hakuna cha kuishika chini. Nilikuja kwako, ukasema nisubiri. Nasubiri."

Sauti ya kwanza wameshafika juu. Wamelala chali chini ya bati, wanaendelea kuimba, vitabu vyao vimewafunika vifua. Sauti ya pili wako kwenye feni. Mama mmoja wa sauti ya pili anainamisha kichwa kwa adabu kila panga la feni linapopita.

"Na wanaume?"

"Wanaume ni wazito kidogo. Lakini tuko ubeti wa pili tu, na wimbo una beti sita."

Namtafuta Naetwe. Yuko safu ya mwisho, amelishika benchi kwa mikono miwili, miguu iko juu, kichwa kiko chini.

"Shikilia," namwambia.

"Nimeshikilia, baba. Ila na benchi nalo linakuja."

Ni kweli. Benchi limeacha sakafu. Naetwe ananitazama bila hofu, kama anavyonitazama nikimwambia chumvi imezidi.

"Baba, kama huwezi kuiamsha, sema tu. Nami niliachie benchi."

Mlango ulio nyuma ya madhabahu ndio mlango wa chumba chetu. Nakimbia. Kifuniko cha dawa ya meno kinasimama.

"Amelala."

"Binti yangu anapaa."

Kinafikiri. "Hiyo ni sababu," kinasema, kinajigeuza kulia, na sauti yangu inarudi yote kwa pamoja.

Nafunua kanga. Shingo ya gitaa imepinda nyuma kama upinde, kichwa kinakaribia kugusa visigino. Iko macho. Inaonekana iko macho siku nyingi.

"Aliniambia nilale usiku mmoja," inasema.

"Najua."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ile robo ni yake. Sikutaka iguswe."

"Alinikaza ili nyuzi zije zinivute upande wa pili. Nyuzi hazikuja. Chuma kinavuta peke yake usiku na mchana. Unachokitunza ndicho kinachonivunja mgongo, Baba Naetwe."

Haikusema kwa lawama. Ilisema kama mtu anayemweleza daktari.

"Nifanyeje?"

"Nirudishe robo nyuma. Nipumzike. Kisha nifungwe nyuzi."

"Nikiirudisha robo yake, itakwenda wapi?"

"Sijui," inasema. "Mimi ni mbao."

Kanisani nasikia mtu akigonga bati kwa kichwa, kisha akiomba radhi.

"Kifunguo kimepotea," nasema.

"Hakijapotea. Unalala nacho."

Naishika kanga. Lile fundo la pindoni ni gumu, limekazwa na vidole vya Nambike, navijua. Nalifungua taratibu kwa kucha na kwa meno. Ndani mna kile kifunguo kilichopinda. Alikifunga pindoni kama hela, ili asikipoteze, akaenda nacho dukani.

Nakiingiza mahali pake. Nageuza nyuma. Mbao inatoa pumzi ndefu. Na nyuma ya ukuta nasikia miguu ikitua sakafuni, mmoja mmoja: kwanza wanaume, kisha sauti ya pili, kisha sauti ya kwanza wakirekebisha sketi zao. Mwisho benchi linatua kwa kishindo, na visigino viwili baada yake.

Nikaamka. Kumeshakucha. Kanga iko kifuani mwangu, pindo limefunguka. Hamna hela ya nyanya. Kiganjani mwangu mna kifunguo, na kimeniachia alama ya pembe sita.

Jikoni Naetwe alikuwa anamimina chai. Alitoka kwenye jiko kuja mezani akichechemea.

"Umefanya nini miguu?"

"Sijui, baba. Nimeamka visigino vinaniuma kama mtu aliyeruka kutoka darini."

Nikaweka kifunguo mezani karibu na kikombe chake. Alikitazama mpaka chai ikaacha kutoa moshi.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye kanga ya mama yako. Alikifunga pindoni."

Alikigusa kwa kidole kimoja. "Umefungua lile fundo."

"Nimefungua."

"Mwenyewe?"

"Kunywa chai, Naetwe. Kisha tuilete hiyo besi. Inarudishwa nyuma robo."

"Nani kakufundisha wewe?" aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile kunicheka.

Nilishika kiwiliwili cha gitaa, yeye akageuza. Mbao ililia kidogo, ikanyamaza. Sasa shingo iko mezani, inalala. Kesho Naetwe anafunga nyuzi, anaanza na ule mnene.