Tathmini Niliyoiandika Jumapili

Usiku wa jana niliota nimevaa joho, nalo lilikuwa linanibana kwapani sawasawa na lile la kweli nililovaa Jumamosi. Nalitaja hilo mapema ili ijulikane kwamba ndoto hii haikuwa ya kubabaisha. Ilikuwa na vipimo.

Niko kwenye foleni ya mahafali. Mbele yangu wako wahitimu mia tatu wa Shahada ya Elimu, na foleni inakwenda haraka, maana kila anayeitwa jina anajibu "Nipo" kama darasani, anapewa cheti, anapiga chafya moja na kutoweka. Mama yangu amekaa safu ya kwanza. Amevaa kitenge kipya na ameshika nyundo. Nyundo ni ya kupigilia msumari wa kutundikia cheti changu sebuleni, na amekuja nayo kabisa ili akitoka hapo asipoteze muda.

"Atupele Mwaisaka," sauti inaita.

"Nipo."

Nikapokea cheti kwa mikono miwili. Miaka mitatu ya mihadhara, wiki nane za mazoezi ya kufundisha mara mbili, viatu jozi nne vilivyoishia njiani, vyote vilikuwa ndani ya karatasi ile moja. Mama akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi nje ya ndoto.

Hapo ndipo andalio langu la somo lilipokohoa.

Kwa asiyejua, andalio la somo ni karatasi anayoijaza mwalimu kabla ya kuingia darasani. Huandika mada, zana, hatua na dakika za kila hatua. Chini kabisa kuna kisehemu kinachoitwa Tathmini, nacho hujazwa baada ya kufundisha, mwalimu akisema kama wanafunzi wameelewa au la. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Tulivyofanya ni jambo lingine. Msimamizi huja bila taarifa, na akikuta Tathmini iko wazi huuliza maswali mengi, kwa hiyo sote tulikuwa tunaijaza mapema. Mimi nilikuwa najaza za wiki nzima kila Jumapili jioni, huku nikisubiri maharage yaive.

Andalio lililokohoa ni la darasa la tano, Hisabati, mada ya Sehemu. Limesimama jukwaani kwa miguu miwili ya karatasi na limevaa tai.

"Samahani kwa kuingilia shughuli," likasema. "Mwalimu, nisomee mstari wangu wa mwisho."

Nikausoma. "Wanafunzi wote arobaini na tano wameelewa somo vizuri."

"Uliuandika lini?"

"Jumapili."

"Kipindi kilikuwa lini?"

"Jumanne."

Mama akashusha nyundo.

"Atu," akasema, "uliandika kabla hujafundisha?"

"Mama, wote tunaandika."

"Hata mchuzi, mwanangu, huonjwa kwanza, ndipo mtu aseme chumvi imekolea."

Andalio likaeleza, bila hasira yoyote, kwamba kanuni ni nyepesi: kilichoandikwa lazima kiwe. Wameelewa arobaini na wanne, amebaki mmoja. Huyo mmoja aelewe ndani ya kipindi kimoja, la sivyo cheti kirudi kabatini na mimi nirudi mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, kwenye foleni ya kupigwa picha ya kitambulisho.

Ile foleni naikumbuka vizuri. Nikasema nitafundisha.

Naweka mguu kwenye ngazi ya kushukia jukwaani, nao unatua kwenye sakafu ya darasa la tano, kule Tukuyu nilikofanyia mazoezi. Mvua inanyesha kama kawaida yake. Watoto wamevaa sweta za kijani, nao wanasimama kwa pamoja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Dawati la mwisho, karibu na ukuta, nikamwona Tusekile. Huyu si wa kuotwa, huyu yupo kweli. Jumanne ile ya kweli alinyoosha mkono ikiwa imebaki dakika moja, akauliza swali, na kengele ikagonga. Nikamwambia, "Swali zuri sana, tutaliangalia kesho." Kesho yake mazoezi yaliisha, nikafunga begi langu na kuondoka. Kwa kipindi kile nilipata alama A.

Mkono wake ulikuwa bado juu. Ilikuwa wiki ya kumi na moja sasa. Kwao walishauzoea, wakawa wanauanikia nguo ndogondogo, na soksi mbili zilikuwepo hapo hapo, zimeshakauka. Niliona aibu, na aibu ya ndotoni haina pa kujificha.

Kwenye benchi la dirishani walikuwa wamekaa watu arobaini wenye suti, kila mmoja na mkoba wake mapajani.

"Ninyi ni akina nani?" nikauliza.

"Sisi ni Dakika," akajibu wa kwanza. "Sote pamoja ndio kipindi chako." Akanyanyuka, akanipa mkono kwa heshima, akatoka nje kwenye mvua.

Nikawahi dawati la mwisho. "Haya Tusekile, uliza."

"Mwalimu, nne ni kubwa kuliko tatu," akasema Tusekile. "Sasa kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi?"

"Asante. Swali zuri sana."

"Hata siku ile ulisema hivyohivyo."

Nikaenda ubaoni kuchora duara la kugawanya. Chaki ilipogusa tu, ubao ukavuta pumzi.

"Mwalimu, mimi nina miaka thelathini ukutani hapa," ukasema. "Kila anayefundisha sehemu ananichorea chapati. Hakuna hata siku moja mtu aliyekula. Leo naomba unisamehe."

Dakika wanane wakatoka wakati nabishana na ubao.

Nikaamua kutumia kanuni. "Darasa, semeni: namba ya chini ikiwa kubwa, sehemu huwa ndogo." Wakaimba wote kwa sauti nzuri, Tusekile akiwemo. Akaimba mara tatu bila kukosea hata neno. Halafu akauliza, "Lakini kwa nini?"

Namba Nne ndiye aliyeharibu mambo zaidi. Alishuka kutoka ubaoni, akajishika kiuno mbele ya darasa. "Mimi nimemzidi Tatu tangu tulipozaliwa," akasema. "Kwenye kuhesabu natajwa baada yake kwa sababu mkubwa huja mwishoni. Iweje nikiwekwa chini ya mstari nigeuke mdogo? Nani alipitisha hilo?" Tatu alikuwa anacheka kimyakimya ukutani. Darasa likampigia Nne makofi, maana alikuwa na hoja. Shahada ninayo kwapani, jibu sina. Dakika wengine ishirini wakafunga mikoba.

"Tumia zana," likasema andalio, ambalo lilikuwa limekaa kwenye kiti cha msimamizi. "Umeandika hapa: machungwa saba."

"Sikuyaleta."

"Lakini umeyaandika."

"Hata hayo niliyaandika Jumapili."

Andalio likaugeuza ukurasa taratibu. "Pia umeandika, 'au kitu chochote halisi kutoka katika mazingira.' Angalia mazingira yako, Mwalimu."

Nikaangalia. Madawati yamepigiliwa sakafuni. Chaki imebaki kipande kimoja. Vitabu ni vya shule. Nikaendelea kuangalia pembeni kwa bidii sana, kama mtu anavyomkwepa jirani anayetaka kuazima jembe, kwa sababu nilikuwa najua kitu halisi pekee nilichokuja nacho ni kipi, na kilikuwa kinanichoma kwapa.

Mama alikuwa dirishani, ameinama kuchungulia, nyundo mkononi.

"Usithubutu, Atu," akasema.

"Mama, wamebaki Dakika kumi na mmoja."

"Ukuta nimeshaupaka rangi."

Nilimwonea huruma mama yangu, na mimi nilijionea huruma zaidi. Kisha macho yake yakaenda dawati la mwisho.

"Huo mkono haukuumi, mjukuu wangu?"

"Unauma, Bibi," akasema Tusekile.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kata, basi," akaniambia. "Lakini kata sawasawa."

Nikaita watoto watatu mbele, nikakichana cheti mapande matatu yaliyolingana, kila mmoja nikampa pande lake. Ajabu ni kwamba karatasi haikulia. Mimi ndiye niliyelia kidogo.

"Mmepata kiasi gani?"

"Theluthi," wakajibu.

"Mmeridhika?"

"Tumeridhika," akasema Ambakisye, kiranja wa darasa, ambaye theluthi yake ndiyo iliyokuwa na muhuri.

"Tusekile, njoo na wewe. Yeye ni wa nne. Mgawieni mpaka wote mlingane."

Akaja mbele, mkono juu, soksi zikipepea. Wale watatu wakachana kila mmoja kipande cha kwake wakampa, wakapima, wakalinganisha. Ambakisye akatazama pande lake kwa uchungu.

"Mwalimu, langu limepungua."

"Kwa nini limepungua?"

"Kwa sababu huyu amekuja."

Tusekile akatazama kilicho mkononi mwa Ambakisye, akatazama kilicho mkononi mwake, akawahesabu wenzake kwa macho: mmoja, wawili, watatu, na yeye. Nikauona uso wake ukifunguka. Nimesoma saikolojia ya ujifunzaji mihula miwili na kufaulu mtihani wake, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba jambo hilo huonekana kwa macho.

"Kumbe hiyo nne siyo ukubwa," akasema. "Nne ni watu. Watu wakizidi mezani, tonge linapungua."

Mkono ukashuka. Ulishuka polepole, kwa wiki kumi na moja, na ulipofika chini soksi zikaanguka sakafuni. Nne akamwendea Tatu, wakapeana mikono.

Dakika wa mwisho alikuwa mlangoni, mkoba mkononi, hatoki.

"Muda wako umefika," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Mimi huwa naondoka na kengele kila siku. Sijawahi kubaki nikaona mtu akielewa. Ngoja kidogo." Akaketi chini mlangoni na kuvua viatu.

Andalio likamuuliza Tusekile, "Umeelewa?" Hakulijibu. Alikuwa ameshamgeukia mwenzake wa dawati la tatu ambaye, ilibainika, naye alikuwa hajaelewa ila aliona haya kunyoosha mkono. Wakatokea wengine watano wa namna hiyo. Tusekile akawafundisha wote, na akawafundisha vizuri kuliko mimi, na sikuona wivu hata chembe. Niliona fahari tu, mpaka joho likaacha kubana.

Baada ya hapo darasa zima likataka sehemu yake. Karatasi ya ndotoni haina kinyongo: ilijiunga yenyewe, ikalala juu ya meza, na Ambakisye akaipiga mistari kwa rula, safu tano kwenda kulia na safu tisa kwenda chini. Tukakata. Kila mtoto akapata kipande kimoja cha shahada yangu, akakishika juu, na wakaanza kucheza kati ya madawati. Ubao ukaomba nao kuimba, ukaruhusiwa. Mama aliingia kwa kupitia dirishani, umri wake ule, akacheza na Dakika wa mwisho aliyekuwa peku. Mimi nilikuwa nacheka tu, na nilikuwa najua kabisa kwamba nimekuwa mwalimu.

"Haya, rudisheni," likasema andalio baada ya muda. Lilikuwa limelegeza tai. "Mwenye cheti anahitaji kuajiriwa."

Wakarudisha mmoja mmoja, na kila kipande kikaungana na mwenzake. Wa mwisho alikuwa Tusekile. Alikiweka chake kwenye mfuko wa sweta na kufunga kifungo.

"Changu sirudishi sasa, Mwalimu. Nitakileta nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Chuo," akasema, akashangaa kwamba nimeuliza.

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilibaki kitandani kidogo nikiitabasamia dari, kisha nikainuka na kutoa bahasha iliyo juu ya kabati, si kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, bali kwa sababu mtu akiwa na shahada mpya huiangalia kila asubuhi. Nikakivuta cheti nje. Jina lipo, muhuri upo, sahihi zote zipo. Kwenye pembe ya chini, mkono wa kulia, kuna kipande kilichokatwa kwa mstari ulionyooka.

Nikachukua rula. Kipande kilichokosekana kilikuwa na upana wa sentimita nne nukta mbili na urefu wa sentimita tatu nukta tatu. Nikapima karatasi nzima, nikagawanya, nikagawanya tena. Vipande vya namna hiyo vinaingia vitano kwa upana na tisa kwa urefu. Mpaka ninapoandika haya nina sehemu arobaini na nne kati ya arobaini na tano za Shahada ya Elimu.

Nikakipeleka cheti jikoni. Mama alikuwa anachuja chai, amenipa mgongo.

"Mama, cheti changu kimekatwa pembeni," nikasema. "Inabidi niende chuoni kuwaeleza."

"Uwaeleze nini?" akasema Mama bila kugeuka. "Mwache mtoto wa watu. Si alisema atakileta akimaliza?"

Nilikuwa bado sijamsimulia chochote.