Sauti Iliyokatwa Katikati

Binti mdogo wa fundi cherehani alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na nyumbani hakuna aliyekiona kuwa shida. Mama yake humsubiri amalize, mguu juu ya pedali, sindano imesimama. Dada yake, ambaye shule nzima humwita Wakili kwa kupenda kubishana, humsubiri pia, ingawa kwake subira ni kazi ngumu.

Ndiyo maana Wakili aliingiwa na wasiwasi pale mdogo wake alipoacha kuongea kabisa. Akirudi kutoka shuleni anajilaza akiutazama ukuta. Simu ikilia anagutuka. Chakula hagusi, na kila asubuhi tumbo linamuuma, isipokuwa siku zisizo na masomo.

"Tumbo gani hilo linalojua kalenda?" Wakili alimuuliza, akikaa kitandani kando yake.

Mdogo mtu aligeuka kutoka ukutani. Akamsukumia simu.

Lilikuwa kundi la darasa lake. Mtu alimrekodi akisoma kwa sauti darasani, akakata pale neno lilipokwama, akalirudiarudia juu ya mdundo wa muziki. Chini yake vicheko vimepangana, na jina jipya: Injini Baridi. Kisha kulikuwa na ujumbe aliotumiwa peke yake, kutoka namba asiyoijua: "Afadhali usije tena shule."

Wakili aliinyakua simu. Kidole kilishaanza kuandika matusi pale mdogo wake alipomshika mkono.

"U-ukijibu, watacheka na hilo pia."

Wakili akafuta alichoandika. Ilikuwa nadra yeye kushindwa hoja. Wakapiga picha za skrini, zikionyesha tarehe na namba, ndipo wakaifungia ile namba isitume tena.

"Sasa tumwambie mama," Wakili alisema.

"A-atachukua simu."

Mama aliisikiliza ile sauti mara moja tu, mpaka mwisho. Akamrudishia binti yake simu mkononi. "Mwizi akiingia nyumbani, hatuuzi nyumba," alisema. "Kesho tunaenda kwa mwalimu wako."

Mwalimu wa darasa aliwapokea kwa tabasamu. "Vijana hawa na utani wao."

"Utani ni wa wawili, mwalimu," mama alijibu. "Hapa mmoja anacheka, mwenzake hali chakula."

Mwalimu akazipitia zile picha. Alipofika kwenye ule ujumbe wa mwisho, tabasamu likafifia. Akamgeukia binti mwenyewe. "Unataka tufanye nini?"

Alichukua muda wake, na safari hii mwalimu alisubiri. "Ifutwe. Kila aliyeisambaza a-aseme kwenye kundi kwamba amefuta. Na nisisimamishwe mbele ya shule nzima ku-kuonewa huruma."

Ikawa hivyo. Namba ile nayo ilijulikana: ilikuwa ya kaka wa jirani yake wa dawati, na aliyeitumia ni huyo jirani mwenyewe, kijana aliyekuwa akiazima kalamu kwake kila siku. Kijana alikiri yote, akapewa adhabu na shule, na jioni moja baba yake akamleta pale kwa fundi. Akaomba radhi macho yakiwa kwenye vitambaa.

"Nimekusikia," binti alimwambia. "Ku-kusamehe bado. Nikiwa tayari nitakwambia."

Baba mtu alitaka kumbembeleza. Mama akamzuia kwa upole. "Mwache, mzazi mwenzangu. Kidonda hakipoi kwa kuombwa."

Kijana akaitikia kwa kichwa, wakaondoka.

Wiki iliyofuata mwalimu aliuliza nani atasoma hadithi. Binti wa fundi akanyoosha mkono. Neno la kwanza lilikwama, la tano pia. Nyuma mtu akaguna, mwenzake akampiga kiwiko. Yeye aliendelea, kidole kikifuata mistari, sauti ikizidi kuwa thabiti. Kengele ya mapumziko ililia ukurasa haujaisha. Mwalimu hakuwaruhusu kutoka, na msomaji hakuharakisha.