Maua ya Masista

Teodora alipanda maua ya masista kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akayapanga kando ya ukuta wa nyumba yake pale Igogo, karibu na ziwa. Mbegu alipewa na masista aliowapikia zamani, ndiyo maana mtaa ukayaita hivyo. Majani yake ni ya mviringo kama visahani na yana ukali wa haradali. Maua, ya rangi ya chungwa, aliyakatia kwenye kachumbari. Majani aliyapika na karanga, akamwagia juu ya mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishapelekwa Ulaya.

Alhamisi moja asubuhi, mwaka wa tisini na nane, alikwenda kuchuma akamkuta mumewe, Pius, ndani ya tone la umande juu ya jani. Pius alikuwa ameketi chini ya ziwa, amefungwa jiwe la nyavu kiunoni, na mabuti yake meupe ya kiwandani miguuni. Jani la pili yumo. Majani yote yumo. Teodora alimsalimia, kisha akakaa juu ya ndoo akalia mpaka jua likakausha umande.

Pius alikuwa mpimaji wa samaki kiwandani. Wavuvi fulani walikuwa wameanza kumwaga ziwani dawa ya kuulia wadudu wa pamba ili sangara waelee wenyewe, na Pius alikuwa akiwarudishia samaki wao. Mwezi wa tano hakurudi nyumbani. Kiwanda kikasema ametoroka na mwanamke, na ndugu zake wakakubali, maana ndugu mhuni hana gharama kama ndugu marehemu. Kwa hiyo hapakuwa na msiba. Teodora hakutandika mkeka, hakunyoa nywele, na hakuna aliyempa pole. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alimwita shemeji yake, Ngosha. Ngosha akainama juu ya jani.

"Amekonda," akasema.

"Basi tuweke msiba, shemeji."

"Mwenyekiti wa mtaa aseme kwanza."

Mwenyekiti alikuja na miwani yake. Alimtambua Pius, akasikitika kwa dhati, akaeleza kwamba fomu inataka mwili, tena wa ukubwa wa kawaida.

Jumamosi Teodora alichuma majani bila kuyatikisa, akayapanga juu ya kachumbari, akampelekea meneja wa kiwanda, Venant mwenyewe, ofisini. Siku hiyo matone yalikuwa manono. Pius alionekana chini, na juu yake, ndani ya mtumbwi, Venant ameshika kamba. Venant alijitazama. Akakamulia ndimu, akala.

"Tamu, mama. Uwe unaleta kila siku. Wageni wetu watayapenda."

Teodora alipeleka, kwa sababu watoto wake walikuwa wakirudishwa kutoka shule kwa ajili ya ada, na alijichukia kwa hilo. Wageni walikula, wakasifu.

Wiki ya tatu, ndani ya matone, chini ya maji walikuwa wanaume wawili. Wa pili Teodora alimjua mara moja: Luhaga, aliyepewa kazi ya Pius, ambaye wakati huo huo alikuwa mlangoni pake akisubiri kapu la majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone."

Luhaga akatazama.

"Juzi nilirudisha matenga matatu," akasema. "Yalinuka dawa."

"Usiende leo, baba. Nakuomba."

"Nisipokwenda watanifuta, mama. Getini wamejaa watu wanaoitaka hii kazi. Ila mke wangu aweke msiba, asimsubiri mwenyekiti."

Akalinyanyua kapu kwa mikono miwili, umande usimwagike.

Mchana Teodora alikwenda Butimba kwa Selina, mke wa Luhaga, wakatandika mikeka. Mmoja alilia kwa jina la Luhaga, mwingine kwa jina la Pius. Majirani wakaleta unga na kuni. Jioni Luhaga alirudi kutoka kazini, akavua mabuti, akaketi nje na wanaume, akapokea pole. Selina akampakulia ugali. Kulipopambazuka akavaa mabuti, akawaaga wafiwa mmoja mmoja, akaenda kazini.