Mama Esta Anahamisha Jina

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini siku ile hata mtakatifu angekasirika. Nimeanika dagaa kwenye chanja, jua la Nkome linawaka vizuri, nimekaa zangu nachambua, mara binti yangu Esta huyo anakuja na ule mwendo wake wa kuleta habari mbaya.

"Mama, jina la tovuti linaisha muda kesho."

"Si mlisema mnalihamisha?"

"Kampuni imekataa kutupa namba ya siri ya kuhamishia."

Nikatupa ungo chini. Dagaa wangu wanaagizwa kwenye tovuti, msishangae. Wapishi wa wachimbaji kule Rwamgasa, kina mama wa Kolandoto, wenye migahawa Shinyanga mjini, wote wanaandika "Dagaa wa Mama Esta" kwenye simu zao, wanaona picha, wanaagiza. Jina hilo limechapwa kwenye kila pakiti. Sasa likiisha muda na kuachiwa, anayewahi analiokota. Na hapa mwaloni, mitumbwi inapoegesha, yupo bwana mmoja, Januari, anauza dagaa nusu mchanga, alishamuuliza Esta mara mbili hilo jina linaisha lini. Hebu fikiria wateja wangu waandike Mama Esta, wakatafune mchanga wa Januari! Bora nife.

Aliyetusajilia ni mkwe wangu Boaz, mume wa Esta, fundi simu hodari. Kosa lake ni kwamba alichagua kampuni kwa sababu mwaka wa kwanza ilikuwa bure. Rahisi ghali, waliosema hawakukosea. Tovuti ilikuwa inazimika kila siku ya gulio, ukipiga simu unapigiwa muziki mpaka sikio linauma. Tukapata kampuni nyingine, hii ina ofisi Shinyanga mjini, ukigonga mlango unafunguliwa na mtu mwenye macho na pua. Tukasema tuhamie huko. Ndipo wale wa kwanza wakakumbuka kuwa wana masharti.

"Mwambie mumeo awapigie sasa hivi," nikamwambia Esta. "Na aweke spika, nisikie."

Boaz alikuwa upande wa pili wa chanja, amenigeuzia mgongo. Ndivyo tunavyokaa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na maneno yetu yanapita kwa Esta hata kama tunasikiana vizuri kabisa. Akapiga. Muziki ukapigwa weee, hatimaye akapokea binti mmoja mwenye sauti laini.

"Mmiliki wa jina la tovuti ni nani, kaka?"

"Mama Esta."

"Hapo ndipo penye shida. Kwenye kumbukumbu zetu mmiliki ameandikwa Mama Esta, lakini kitambulisho mlichotuma kina jina lingine. Nitajie jina la kwenye kitambulisho, mmiliki akubali, nami nakutumia namba sasa hivi."

Boaz akaanza kupanga upya dagaa waliokwisha kupangwa.

"Kaka, upo?"

"Nipo. Ni Mama Esta."

Nikaelewa, nikashika kichwa. Siku ile anajaza habari za mmiliki, Boaz hakuandika jina langu kwa sababu mkwe halitaji jina la mama mkwe wake. Kulitaja ni sawa na kumvua nguo mbele za watu. Kijana ana adabu, jamani, adabu yake ndiyo imetufikisha hapa!

Esta akampokonya simu. "Dada, huyo ni mama yangu mzazi, anaitwa..."

"Samahani dada, naongea na mwenye akaunti tu."

"Basi turuhusuni tulipie tu mwaka mwingine kwenu."

"Hata kulipia, lazima mmiliki ajulikane kwanza. Au tumeni barua pepe, mtajibiwa wiki ijayo."

Wiki ijayo! Wiki ijayo Januari atakuwa ameshachapisha pakiti.

"Esta," nikasema, "mwambie mumeo ataje."

"Boaz, mama anasema utaje."

"Mwambie mama siwezi. Mwambie nitatafuta njia nyingine."

"Mwambie njia nyingine haipo!"

"Kaka," yule binti akasema, "nina wateja wengine wanasubiri."

Nikamtazama Boaz mgongoni. Shati limelowa jasho, na si la jua. Nikamwonea huruma, kusema kweli, na hasira zikaniisha. Nikazunguka chanja. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kumsemesha mwenyewe, mdomo wangu kwa sikio lake.

"Ng'wanawane," nikamwambia, mwanangu. "Taja. Nimekuruhusu mimi mwenyewe."

Akavuta kofia mpaka ikafunika macho. Kisha akasema taratibu, kwa heshima, kama anayesoma somo kanisani:

"Anisia. Anisia Mageni."

"Abee!"

Ni mimi niliyeitika. Sikukusudia, wallahi. Nimeitwa, nimeitika, mkono tayari unafunga khanga vizuri kama ninayetaka kwenda kumsikiliza aliyeniita.

"Huyo ndiye mmiliki?" yule binti akauliza.

"Ndiye," Boaz akajibu.

"Basi nimemsikia akiitika. Namba inakuja."

Esta alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Namba ikaingia, Boaz akaituma Shinyanga, na kabla chai haijachemka tukajibiwa kuwa jina limepokelewa, liko salama, na mmiliki ameandikwa anavyostahili. Januari na mchanga wake wakatafute kwingine.

Nilitakiwa nishangilie. Mimi nikawa nalia. Kanisani ni Mama Esta, hospitali ni Mama Esta, mwaloni ni Mama Esta, na ni jina zuri, limenilea na kunilisha. Lakini Anisia alikuwa ananiita baba yake Esta peke yake, akiwa bado yuko majini, mtumbwi haujagusa nchi kavu, anapaza sauti nami naitika kutoka hapahapa kwenye chanja. Tangu tumzike, hakuna aliyeniita hivyo tena. Nilidhani nimeshasahau kuitika.

Boaz alikuwa amegeuka tena, mgongo kwangu.

"Esta, mwambie mama anisamehe. Sitalitaja tena."

Nikajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Esta," nikasema, "mwambie mumeo aniite tena. Mara moja tu."