Tangazo la Kutokuwepo Kwangu

Natangaza rasmi, kwa wakazi wa Waberi, kwa mji mzima wa Garissa na kwa yeyote mwenye haki ya kujua, kwamba mimi, Ayanle Abdinur, mwenye umri wa miaka kumi na sita, baada ya uchunguzi wa kina uliochukua siku tano, nimethibitisha kwamba sipo. Nimemtafuta ndani yangu huyo anayeitwa Ayanle, nimekagua kila pembe, na sikumkuta.

Tangazo hili nililisoma kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano, jikoni, nikiwa nimesimama wima na mikono nyuma. Mama yangu, Rahmo, alikuwa anakaanga sambusa. Hakugeuka.

"Asiyekuwepo hali," alisema. "Peleka sahani yake kwa jirani."

Nilikula sambusa nne. Hata hivyo uchunguzi ulikuwa wa kweli, na ni lazima nieleze ulivyoanza.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu shule yangu ya bweni ilinipa wiki mbili za mapumziko bila kuniuliza kama nimechoka. Nina kipaji. Nikimsikiliza mtu kwa dakika kumi, naondoka na sauti yake. Alfajiri moja nilikaa mbele ya kipaza sauti cha shule na, kwa sauti ya naibu wa mwalimu mkuu, nikaamuru wanafunzi wote watoke na magodoro yao kwa ukaguzi wa kunguni. Wavulana mia sita walijipanga uwanjani na magodoro kichwani. Nasikia naibu mwenyewe alifika mlangoni akiwa ameshika lake ndipo akakumbuka kwamba yeye ndiye naibu.

Nilipofika Waberi nilimkuta Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba, ameletwa kutoka Balambala. Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia lilibaki na mwanga wa kumwonyesha mlango na kivuli cha mtu anayepita. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kutoka Nairobi kwa siku chache, upasuaji wa bure, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Alhamisi. Wakiondoka, hakuna aliyejua watarudi lini.

Lakini Ayeeyo hakutaka. Nesi aliyekuja nyumbani kumwandikisha, mtu wa bara, alimbembeleza nusu saa nzima. Ayeeyo akamjibu kwa Kiswahili chake, kidole juu:

"Mimi hapana ingia mbaka Kadar kuja."

Kadar ni binamu yangu. Baba yake, Shirwa, alikuwa ndugu ya baba yangu. Alifariki Kadar akiwa hajaanza kutembea, na Ayeeyo ndiye aliyemlea. Sasa anasoma chuo Nairobi. Ni mtu mtulivu, mwenye adabu, asiyekatiza watu wakizungumza, na nimeambiwa haya yote tangu nikiwa mdogo, kwa kawaida nikiwa nimeshikwa sikio. Simu yake ilikuwa imezimwa kwa siku tatu.

Jumamosi alasiri nikapita mbele ya chumba cha Ayeeyo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani. Naapa nilitaka mzaha tu. Nilikohoa mara mbili, kama Kadar anavyofanya kabla ya kusema lolote.

"Ayeeyo macaan," nikasema, "Ayeeyo wangu mtamu, nimefika."

Mpango ulikuwa nihesabu mpaka kumi, kisha nicheke. Lakini Ayeeyo aliinuka. Alikuja na mikono mbele, akagonga stuli kwa goti, hakusimama kulishika goti, akaendelea kuja. Akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili na kukikandamiza kifuani kwake.

"Umekonda," alisema.

"Chakula cha Nairobi, Ayeeyo."

"Mungu awasamehe." Akanipapasa nywele, polepole, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. "Sasa nitakwenda kwa huyo daktari. Wewe utanishika mkono."

Nilisahau kuhesabu.

Mama alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Alinivuta hadi uani.

"Amekubali?"

"Amekubali."

Alifikiri kidogo, jasho likimtiririka. "Basi utakuwa Kadar mpaka jicho lifunguliwe. Baada ya hapo nitakuua. Ila kwanza nitahakikisha ninayemuua ni nani."

Ndivyo nilivyokuwa Kadar. Kwa nje, kazi ilikuwa rahisi: kohoa, nyamaza, ngoja mtu amalize kusema. Kwa ndani hapakukalika. Kichwa changu siku zote kimekuwa kama bweni kabla ya kengele ya kulala, kila mtu anaongea na hakuna anayesikiliza, lakini zamani sikuwa nimewahi kukaa kimya kiasi cha kuwasikia. Sasa nilimsikia naibu akiniita kwa majina yangu matatu. Nilimsikia Mama, na mtangazaji wa mpira, na Kadar akinishauri kwa upole. Katika sala ya adhuhuri nilisali rakaa tano, au tatu. Maalimu wetu wa madrasa husema huo ni wasiwasi wa shetani na dawa yake ni kuomba kinga. Nikaomba. Katikati ya dua nikagundua ninaiomba kwa sauti ya maalimu, pamoja na mafua yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza yangu ni ipi. Nililala chali, nikangoja ijitokeze sauti moja isiyo ya mtu mwingine. Nilingoja sana. Hata ile iliyosema "bado, ngoja kidogo" ilikuwa ya shangazi yangu wa Habaswein.

Jumatatu nilikuwa nimekaa na Ayeeyo, naye anavuta tasbihi. Akaacha katikati.

"Nimepotea tena," alisema kwa hasira. "Nimefika ishirini, nikaanza kuwaza mbuzi waliokufa mwaka wa ukame. Midomo inamtaja Mungu, mimi niko machungani. Kichwa hiki, Kadar, ningekipeleka sokoni kesho, ila nani atakinunua?"

"Unaogopa upasuaji, Ayeeyo?"

"Naogopa kisu, ndiyo. Nani haogopi kisu?" Akaanza kuhesabu upya, akaacha. "Yule mwenzio yuko wapi? Ayanle?"

"Amerudi shuleni," nikasema.

Ni jambo la ajabu kukaa pale na kungoja habari zako mwenyewe.

"Yule mtoto ananisikitisha," alisema Ayeeyo. "Anachekesha, sikatai. Nilicheka mpaka mbavu zikauma alipomwiga chifu. Lakini akimaliza kuiga natega sikio nimsikie yeye, na simsikii. Ni kama redio. Ukiizima, hakuna mtu ndani."

Nilikohoa mara mbili.

Usiku ule sikulala. Asubuhi ya Jumanne Ayeeyo alikuwa anatawadha, simu yake ikalia juu ya mkeka. Nikaipokea.

"Ayeeyo macaan!" Ilikuwa sauti ya Kadar mwenyewe, Kadar halisi. "Simu yangu iliibwa, nimepata nyingine leo. Mtu wa Balambala ameniambia habari za jicho. Napanda basi leo hii."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilichukua muda wa kupumua mara moja, kisha ikapita. Nikakohoa mara mbili na kusema kwa sauti ya Ayeeyo:

"Usije. Una mitihani. Kaa hapo usome."

"Mitihani imekwisha, Ayeeyo. Na nani atakushika mkono?"

"Ayanle."

"Ayanle? Ayeeyo, una homa?"

"Nimesema usije!" nikafoka, kama anavyofoka yeye, na nikakata.

Sababu niliyojipa ni kwamba Kadar akifika, Ayeeyo atajua amedanganywa na atarudi Balambala na jicho lake. Ilikuwa sababu nzuri, na sikuiamini hata kidogo. Kadar angefika, Ayeeyo angefoka siku moja, kisha angekwenda hospitali na mtu wake. Nilijua hivyo. Nikairudisha simu mkekani.

Na jambo jingine lilinisumbua. Kile kikohozi. Nilichokohoa kama Ayeeyo kilikuwa kile kile ninachokohoa kama Kadar. Kwa hiyo Kadar alikichukua kwa Ayeeyo. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho hata niliyemwibia hakuwa mwenyewe. Nikaendelea kukagua: kicheko changu ni cha Mama, mwendo wangu ni wa baba, mizaha yangu nilijifunza kwa mvulana wa kidato cha nne aliyefukuzwa. Nikifika chini kabisa nakuta kitu kinachohangaika na kuuliza, basi. Kesho yake nikatoa lile tangazo jikoni. Nilitaka mtu anipinge. Nikapewa sambusa.

Alhamisi ikafika. Kwa Ayeeyo, hakuna safari inayoanza kabla ya majina. Ndivyo watoto wetu wanavyofundishwa: jina lako, la baba, la babu, na kuendelea nyuma mpaka pumzi ikwishe. Mimi na Kadar tulifundishwa pamoja kule Balambala, tumekaa mbele yake na yeye ameshika kijiti. Mwenzangu alianza Kadar Shirwa, mimi Ayanle Abdinur, kisha wote wawili tulikutana kwa Nunow, babu yetu, na kutoka hapo tulienda pamoja kwa sauti moja. Kila tulipopanda gari kurudi shule alitusimamisha tuyasome, kwa sababu anayeondoka ni lazima akumbushwe ni wa nani. Asubuhi ile dereva wa tuktuk alipiga honi mfululizo, Mama akatuharakisha, na majina yakasahaulika. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya dereva yule.

Kwenye kibaraza cha hospitali tulikaa kwenye benchi, Ayeeyo katikati, Mama upande mmoja, mimi mwingine. Nesi yule yule akatoka.

"Shosho, zamu yako imefika."

Ayeeyo hakuinuka. Kiganja chake kilikuwa baridi ndani ya changu, na nje kulikuwa na joto la kuchemsha chai.

"Hatukusoma majina," alisema. "Kadar. Soma."

Nilikuwa tayari. Nilikuwa Kadar kwa siku tano. Nikakohoa mara mbili, nikavuta pumzi, nikaachia.

"Ayanle Abdinur Nunow Guleid Ogle..."

Nilikuwa nimefika kwa Ogle ndipo nikasikia nilichosema.

Mama aliziba uso kwa mtandio. Ayeeyo aligeuza kichwa kuelekea kivuli changu.

"Rudia la kwanza."

"Ayeeyo..."

"La kwanza!"

"Ayanle."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Alipiga hesabu. "Basi yale niliyoyasema Jumatatu uliyasikia."

"Ndiyo, Ayeeyo."

"Vizuri. Nilikuwa sijui nitakuambiaje." Hakuniachia mkono, lakini aliubana mpaka vidole vikauma. "Na Kadar? Hata simu hakunipigia?"

Kichwani kila mtu alikuwa na jibu. Naibu alikuwa na moja rasmi kabisa. Nikawaacha waongee wote, nikangoja langu, na langu halikuja; kilichokuja ni mdomo kufunguka wenyewe.

"Alipiga Jumanne. Alitaka kuja. Nikamwambia asije. Nilimwambia kwa sauti yako."

"Subhanallah!" Mama alisimama. "Hilo hukuniambia!"

"Ifanye," alisema Ayeeyo.

"Nini?"

"Hiyo sauti yangu. Niisikie."

Sikutaka. Nikakohoa mara mbili na kusema, "Usije. Una mitihani." Alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yamechacha.

"Huyo si mimi," alisema. "Huyo ni Nunow. Alikohoa hivyo kila jioni kabla ya kuingia ndani, miaka arobaini." Kisha akatoa simu kwenye nguo zake na kunisukumia kifuani. "Mpigie Kadar. Usiniigie mtu."

"Shosho," alisema nesi, "daktari anangoja."

"Daktari ngoje. Yeye iko na macho mbili."

Nikapiga. Kadar akapokea mara moja.

"Ayeeyo macaan?"

"Si Ayeeyo. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Ayanle."

"Acha mzaha. Sauti ya Ayanle naijua. Hii si yake."

"Ni ya nani?"

"Sijui. Sijawahi kuisikia. Unalia?"

Ayeeyo aliinuka. Akashika shati langu kwenye kiwiko, akalizungusha mara moja mkononi ili nisimponyoke.

"Tembea," alisema. "Aliyenidanganya ndiye atakayenipeleka. Wakinifungua jicho kesho, uso wa kwanza uwe huo, nikuone vizuri."

Tukaanza kutembea, nesi mbele, mimi na simu sikioni.

"Kadar," nikasema, "Jumanne hukuongea na Ayeeyo. Alikuwa anatawadha. Ni mimi niliyekwambia usije. Na siku zote hizi nimekaa naye nikijiita wewe."

Nilimsikia akivuta pumzi huko Nairobi. Hakunitukana. Ningependa kuweka kwenye kumbukumbu kwamba hakunitukana, maana hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwa nini?" aliuliza.

Nesi alifungua mlango. Ayeeyo alisimama pale kizingitini, hajageuka, ametega sikio.

"Nilitaka anishike kichwa," nikasema.