Jezi Kumi na Moja Juu ya Jiwe

Haya, nakutegea wewe uliyekaa hapo. Nina watoto kumi na mmoja na sijazaa hata mmoja wao. Ijumaa nawaogesha, nawalaza juu ya jiwe. Jumamosi wananirudia wachafu kuliko nguruwe. Ni akina nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Mwanza yenyewe, maana ndiyo ninayoigombania.

Ni jezi za Furu, timu yetu ya hapa Igogo. Nimezifua miaka arobaini na mitatu, tangu niliposhuka meli kutoka Bukoba nikiwa bibi harusi wa Luhaga, namba tisa wao, enzi hizo akiwa bado na magoti. Nyumba yetu iko huku juu kwenye mawe, gari halifiki. Nyuma yake kuna jiwe kubwa linaloonekana mpaka sokoni. Nikizianika pale, Igogo nzima inajua kesho kuna mechi. Hatujawahi kubandika tangazo.

Sasa Jumatano wanachama saba wakakaa kwenye ofisi ya timu, wakaiuza. Wanne waliinua mikono, watatu wakakataa. Na si kwamba imebadilisha tajiri tu. Inahamia mkoa mwingine, inapewa jina jingine, na nafasi yake ya ligi inaondoka nayo. Sisi tunabaki na uwanja na mbuzi.

Baba Rose, yaani huyo Luhaga wangu, ni mmoja wa wale saba. Aliporudi nikamuuliza kabla hajavua kofia: "Mkono wako ulikuwa wapi?"

Akasema anataka uji.

Nikampa uji, nikauliza tena. Akasema uji una moto. Alhamisi nikauliza, akaanza kutengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Nikajiambia huyu ana uchungu, aliichezea timu hii mpaka goti likamfia, mwache. Hasira zangu zote nikazipeleka kwa wengine.

Ijumaa nikafua kama kawaida, kesho yake tunacheza na timu ya Magu. Nilisugua kila kola kama vile ni shingo ya mtu.

Saa nne asubuhi, nikiwa nimebakiza moja tu, wakaja. Mbele Bagenda, mwenyekiti. Nyuma yake mgeni aitwaye Alexander, mtu wa mnunuzi, na viatu vya ncha vinavyoteleza kila anapokanyaga. Jirani yangu Tereza alikuwa anaanika dagaa.

"Kaka, vua viatu!" akamwita. "Huku hata mbuzi wanashika breki!"

"Shikamoo, mama," Alexander akaniambia, anahema.

Sikuitika haraka. Nilimaliza kwanza kukamua namba sita, nikaianika na wenzake. "Marahaba. Umepotea?"

"Tumefuata vifaa, mama. Mkataba unasema timu inakabidhiwa na jezi zake."

"Si mnaipa jina jipya?"

"Ndiyo, mama."

"Na mji mpya?"

"Ndiyo."

"Sasa matambara yenye jina letu ya nini? Ya kudekia?"

Akamtazama Bagenda. Bagenda akatazama miguu yake. "Mama, usinifanyie hivyo mbele ya mgeni. Uamuzi umeshapita."

"Wewe Bagenda! Namba nne yako niliishona kwa mikono hii, ulipokuja hapa na kifua kama cha kuku. Umekula ndizi zangu kila baada ya mazoezi. Leo unapanda mawe kuja kunivua nguo?"

Sauti yangu ilishuka mpaka barabarani. Nikaona wanawake wanaacha ndoo, wanapanda.

"Timu haina kitu, mama," akasema. "Mwezi uliopita ugenini wachezaji walilala sakafuni stendi. Bila kula."

Safari ile Baba Rose alikwenda nao. Alirudi na kikohozi, hakunieleza kitu.

"Mngesema!" nikamwambia Bagenda. "Akina mama wa sokoni tungeshindwa sufuria ya wali? Mmeona aibu kuomba, hamkuona aibu kuuza!"

"Waambie, Mama Rose!" Tereza akadakia.

Nikamwaga beseni la maji ya sabuni palepale, Alexander akaruka. "Nisikilizeni. Mimi siwapi kitu. Jezi zile pale juu ya jiwe. Waliouza ni wanne. Kila aliyeinua mkono aje aziteremshe kwa mkono uleule, Igogo imwone. Na mgeni asiguse."

Bagenda akapiga simu. Wakaja wawili, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Wakateremsha tatu tatu. Hakuna aliyewazomea. Afadhali wangezomewa. Bagenda akafuata, akachukua nyingine nne. Ile namba nne yake aliinusa, nilimwona.

Ikabaki namba tisa. Bagenda aliifikia, akarudisha mkono.

"Wa nne yuko wapi?" nikapaza sauti. "Mwoga gani huyo? Mwiteni!"

Bagenda akazikunja upya zile nne mkononi. Tereza naye akaanza kupanga dagaa ambao alishawapanga.

Kigoda cha mlangoni kikakwaruza sakafu nyuma yangu. Baba Rose alikuwa ameinuka na fimbo yake. Nilidhani anakuja kunituliza. Akanipita.

"Goti lako, Baba Rose! Jiwe limelowa!"

Akaenda taratibu mpaka kwenye jiwe, akaegemeza fimbo, akanyoosha mkono wa kulia. Akaishika namba tisa, lakini hakuiteremsha. Akasimama hivyohivyo, maji ya jezi yanamtiririka mpaka kwapani.

"Uliniuliza kitu Jumatano," akasema.

"Nilikuuliza."

"Mkono wangu ulikuwa juu, Mama Rose. Kama hivi."